Makali Juu ya Moyo

Mjukuu wangu anayejifunza Kichina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuja likizo na daftari lake, nami, kwa kuwa ualimu haustaafu, nikamwomba anifundishe. Kitenzi kilichoninasa ni ren, yaani kuvumilia jambo lisilopendeza. Alama yake ina sehemu mbili: juu makali ya kisu, chini moyo. Kijana alinionya kwamba makali yale yamewekwa kuonyesha sauti, kwani nayo hutamkwa karibu vilevile. Sawa, lakini picha ilikwisha kuniingia.

Nilidhani nimekutana na ndugu wa mvumilivu wetu anayekula mbivu. Kumbe kitenzi hichohicho huweza pia kumaanisha kuwa na moyo mgumu, kumtazama mwenzako akiumia usishtuke. Mengzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila binadamu ana moyo usiovumilia mateso ya wengine. Amwonapo mtoto akikaribia kutumbukia kisimani hushtuka kabla hajawaza sifa wala faida. Vilevile alizungumza na mfalme wa Qi, ambaye alimwona ng'ombe akipelekwa kuchinjwa, akamhurumia, akaamuru achinjwe kondoo badala yake. Kondoo hakuwa amemwona.

Hapo yale makali yakanigusa. Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo waliniletea ofisini sahani ya maharage yaliyojaa dumuzi. Niliwahubiria uvumilivu nusu saa nzima (nilikuwa msemaji hodari siku zile), kisha nikaenda nyumbani kula wali. Je, nani alivumilia siku ile? Wao walivumilia maharage. Mimi nilivumilia njaa yao, tena bila taabu yoyote. Kwa Kiswahili niliweza kuyatenga mambo hayo mawili: "vumilieni" ilikuwa amri tu, ikitoka kwangu kwenda kwao. Kichina kimeniwekea yote mawili katika neno moja.

Sisemi uvumilivu haufai. Bila huo nisingemaliza hata darasa la nne. Ila ule niliousifu sana haukuwa wangu.

Wanachuo walipotoka waliiacha sahani mezani pangu. Ilinisumbua nikisaini barua, hata nikaifunika kwa gazeti.