Nani Mwenye Kundi?

Chukua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, taslimu, na alama ya vema kwa aliyemaliza. Siku moja mjumbe anauliza mbona laki mbili alizotuma kwa simu hazijaingizwa. Anajibiwa kwamba litaangaliwa. Kesho orodha inakuja tena, jina lake bado liko upande wa ahadi. Anaweka picha ya ujumbe wa muamala. Admini, ambaye ni binamu wa bwana harusi, anamwambia mambo ya namna hiyo yanaongelewa pembeni. Mjumbe anasema mchango ameutoa hadharani na jibu analitaka hadharani. Haupiti muda, unatokea mstari mdogo wa kijivu: ameondolewa. Kimya. Kisha mmoja anaandika, "Tuendelee, wapendwa," na wanaendelea.

Wengi tungekimbilia kupima adabu: nani alianza, nani alipandisha sauti, je, kuna kanuni iliyovunjwa? Naona tukienda huko tunapoteza muda. Ugomvi wa wanachama na wasimamizi, ukiuchimba, mara nyingi hauhusu kanuni. Unahusu kundi ni la nani. Admini anasema nimelifungua mimi, nimewaingiza mmoja mmoja, usiku wa manane niko macho nafuta matangazo ya matapeli. Asiyeridhika afungue lake. Mwanachama anasema bila sisi hilo lako ni jina na picha tu.

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alidai kwamba mtu hukipata kitu kisichokuwa na mwenyewe kwa kukichanganya na jasho lake. Kwa kipimo hicho, kufungua kundi hakumpi admini mengi, maana ni kazi ya nusu dakika. Kilicholipa kundi thamani ni salamu za pole, nafasi za kazi zilizobandikwa, ushauri wa mtoto anayeumwa usiku, na fedha za watu. Hata hivyo admini anayekesha akifagia uchafu naye anatoka jasho, tena bila malipo, na shukrani haioni. Sasa jasho la wote limechanganyika, nani atalitenga la kwake? Ndiyo maana naamini neno umiliki halitufikishi popote.

Tazama badala yake baraza la nyumba za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Limejengwa kwenye ukuta wa mtu, kwa gharama yake, na hakuna anayebisha kuwa nyumba ni yake. Lakini wanaokaa pale jioni hawaombi ruhusa kila siku, na mwenye nyumba akimfukuza mmoja wao, wenzake watataka kujua amekosa nini. Kumfukuza anaweza. Ila anadaiwa maelezo, na asipoyatoa, kesho baraza litakuwa tupu.

Kuweza ni jambo moja na kustahili ni jingine, na hakuna waliolijua hilo kwa uchungu kama wakazi wa LambdaMOO. Hii ilikuwa dunia ya maandishi matupu iliyoanzishwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, mtafiti wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Watu waliingia kwa majina ya bandia, wakajenga vyumba vya maneno na kuishi humo. Wenye uwezo wa kugusa mitambo waliitwa wachawi. Desemba 1992 Curtis alitangaza kwamba wachawi wamechoka kuamua ugomvi. Watabaki mafundi tu, mambo ya kijamii wakazi wayamalize wenyewe. Haukupita muda, mwaka 1993 mkazi aliyejiita Mr. Bungle akatumia programu kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda uchafu wa kingono mbele ya watu, bila hiari yao. Wakazi wakakusanyika kwenye chumba kimoja, wakabishana kwa muda mrefu. Afutwe? Na nani? Kwa sheria ipi? Wakatawanyika bila uamuzi. Jioni ile ile mchawi mmoja, peke yake, akamfuta.

Mwandishi Julian Dibbell alikisimulia kisa hicho katika gazeti la The Village Voice Desemba 1993. Baada ya tukio Curtis alianzisha utaratibu wa maombi na kura, na kwa muda ikaonekana demokrasia imepatikana. Mwaka 1996 wachawi wakatangaza kwamba wanarudi kuamua mambo ya jamii, kwa sababu mpaka kati ya ufundi na utawala haukuwahi kuwepo. Walisema kweli. Aliyeshika kitufe akikaa bila kukibonyeza, hapo pia ameamua. Ninayemwona amekosea ni yule mchawi wa jioni ile. Bungle alistahili kutoka, sina shaka. Lakini mchawi alichukua mjadala ambao jamii nzima ilikuwa bado inaubeba, akaumaliza kwa kidole kimoja. Bungle, kwa taarifa yako, alirudi kwa jina jingine.

Kinachonisumbua zaidi ni umbo la adhabu yenyewe. Mfungwa anaweza kukata rufaa akiwa gerezani. Aliyetolewa kundini amehukumiwa na kuzibwa mdomo kwa tendo moja, kwa kuwa mahali pa kujitetea ni pale pale alipotolewa. Waliobaki wanasikia upande mmoja, na baada ya wiki upande huo unakuwa ndiyo habari yenyewe. Waathene wa kale walikuwa na kura ya vigae ya kumtoa mtu mjini. Ilihitaji vigae 6,000. Aliyetolewa alikaa nje miaka 10, mali yake haikuguswa, kisha akarudi. Hakukuwa na shtaka wala utetezi, kwa hiyo nisiisifu kupita kiasi. Lakini waliamua wengi, na adhabu ilikuwa na mwisho. Sisi tumempa mtu mmoja uwezo wa kutoa adhabu isiyo na tarehe.

Na wasimamizi nao wana wakubwa wao. Juni 2023 wasimamizi wa kujitolea wa maelfu ya jumuiya za mtandao wa Reddit walizifunga kupinga ada mpya ambazo kampuni ilitaka kuwatoza watengenezaji wa programu za nje. Mmoja wa watengenezaji hao alikadiria angelipa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Mkurugenzi mkuu, Steve Huffman, aliwafananisha wasimamizi hao na mabwanyenye wa ardhi: aliyewahi kufika ndiye anayekaa, kisha anarithisha. Si uongo. Ila aliyasema hayo mtu ambaye naye hakupigiwa kura na mwanachama yeyote, huku kampuni yake ikiwaonya wasiofungua kwamba wangeweza kubadilishwa. Waliozoea kuwaambia wanachama "hapa si kwako" wakaambiwa hivyo hivyo.

Kwenye WhatsApp, admini wa pekee akijitoa, mtandao wenyewe humchagua mwanachama yeyote kwa bahati nasibu na kumpa cheo. Hauulizi nani alilifungua kundi. Kwa hiyo huenda wewe msomaji ukaamka kesho ukajikuta admini bila kuomba. Siku hiyo hiyo ongeza wa pili, tena mchague yule mnayebishana naye, na usimtoe mtu kabla huyo wa pili hajajua na kabla swali lililoulizwa halijajibiwa mbele ya wote.