Kipi Kitangulie Jikoni?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mtu akitaka kulitengeneza jiko lake upya, swali lake la kwanza huwa ni la fedha: litanigharimu kiasi gani? Swali hilo si baya. Lakini liko swali jengine linalostahiki kulitangulia, nalo ni hili: kipi kianze, kipi kifuate, na nani aulizwe?

Nimelifikiri sana jambo hili tangu nilipokwenda Nemba, wilaya ya Biharamulo, katika mkoa wa Kagera, kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani aliyehamia huko kwa biashara. Huko nyumba nyingi hupikia kuni, na maharage hukaa motoni masaa mengi. Katika wilaya jirani ya Ngara, watu wazima hawajasahau mwaka 1994, pale wakimbizi wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakapiga kambi Benaco. Miti ikakatwa, na kuni zikawa za kufuatwa mbali. Kwa watu kama hao jiko si jambo dogo.

Mwenyeji wangu alinionesha jiko lake jipya kwa furaha. Vigae vyeupe vimepanda ukutani mpaka kifuani, kabati lina milango ya vioo, na rangi ingali inanuka. Nikamwombea baraka. Lakini mafiga yalikuwa pale pale pa zamani, dohani ya kupandishia moshi haipo, na dirisha ni lile lile dogo. Ulipowashwa moto wa chakula cha mchana, moshi ulijaa mpaka mlangoni, na vigae vya karibu na mafiga vilikwisha kugeuka rangi ya chai. Tena njia ya maji machafu ilisahauliwa, ikabidi sakafu mpya ivunjwe ili bomba lipite. Fedha zikamwishia hapo.

Mkewe alipotuletea chakula, macho yake yalikuwa mekundu naye anakohoa. Nikamwuliza, "Binti yangu, jiko jipya limekupendeza?" Akajibu kwa adabu, "Zuri, Maalim. Ila mimi lau ningaliulizwa, ningaliomba moshi utolewe kwanza."

Mumewe akainama. Wallahi si mtu bakhili, wala hampuuzi mkewe. Alitaka kumpamba mbele ya wageni. Kosa lake ni kuwa hakumwuliza. Na wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndugu zangu, Suratu Shuura inawasifu Waumini ambao mambo yao huyaendesha kwa kushauriana. Wengi wetu tunadhani hayo ni ya wafalme na mabaraza tu. Basi jiko ambalo mtu hulitumia tangu alfajiri mpaka usiku, nani mwenye haki zaidi ya kushauriwa juu yake kuliko yeye?

Na juu ya utaratibu, maulamaa wametuwekea mizani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na baada yake Imamu Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa masilahi ya watu mafungu matatu: ya dharura, ya haja, na ya mapambo. La chini halitangulizwi likaliharibu la juu. Na katika kanuni za fiqhi, kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa.

Tuipeleke mizani hiyo jikoni. Madhara ya kwanza ni moshi, na paa linalovuja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wasiofika miaka mitano. Kwa hiyo paa, meko yenye dohani, na dirisha la kupitisha hewa ndivyo vya kuanza. Na dohani isielekezwe dirishani kwa jirani, maana naye ana haki yake. Kisha yaje maji, yanakoingilia na yanakotokea, na nyaya za umeme ikiwa upo, maana vyote hivi hupita chini ya sakafu na ndani ya kuta. Baada yake ndiyo lipu na sakafu, halafu rafu na kabati. Vigae na rangi vije mwisho. Kabla ya yote, mama wa nyumba atengenezewe pahala pa kupikia siku hizo za kazi, na fungu la fedha liwekwe kando kwa ajili ya lisilotazamiwa.

Huenda mtu akasema: uzuri nao umo katika dini. Ni kweli, na hakuna anayeuharamisha. Lakini uzuri una zamu yake, na zamu yake si ya kwanza.

Tena tazameni: karibu kila kinachostahiki kutangulia ni kitu asichokiona mgeni. Hakuna atakayekusifu kwa bomba lililofukiwa chini, wala kwa kifua cha mkeo kisichokohoa. Vigae ndivyo vinavyosifiwa. Kwa hivyo mwenye fedha chache hujulikana hapo nia yake: ajenga kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake, au kwa ajili ya macho ya wapitao? Ria haimo katika sala na sadaka peke yake. Hata katika saruji yaweza kuingia.

Nami nisijitoe. Niliporejea kwangu nilimwuliza mke wangu, "Katika jiko hili ungependa kitengenezwe nini?" Akanionesha kizingiti cha mlango, kilichoinuka kama shibiri moja, ambacho kila siku hukivuka na sufuria ya moto mikononi. Kwa zaidi ya miaka thelathini mimi nimekipita mikono mitupu, sikukiona. Fundi alikiondoa kwa kazi ya asubuhi moja.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ukisha kuingia, uliza. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wema kwa watu wa majumbani mwetu. Amin.