Wageni Wasiobisha Hodi

Mwezi wa Oktoba ukiingia, wakati wa tangambili, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijashika nguvu, Unguja hupokea wageni wengi ambao hawapiti forodhani wala hawaulizwi hati ya safari. Ni ndege wadogo watokao Ulaya na kaskazini ya Asia, wakikimbia baridi iwaondoleayo wadudu walio chakula chao. Hukaa Afrika hata Machi au Aprili, kisha hurudi kwao kutaga na kulea. Twaandika habari zao leo, wasomaji wapenzi, kwa sababu twaamini kwamba Mwenyezi Mungu ametuwekea fundisho ndani yao, na fundisho hilo lawahusu hasa wakazi wa Ng'ambo.

Yafaa kwanza tuwajue. Mbayuwayu twamjua sote: mgongo wa buluu iliyokoza, koo jekundu, mkia wenye panda. Nabii Yeremia alimtaja mbele ya taifa lake kuwa mfano wa kiumbe ashikaye majira yake. Lakini yuko mwingine ambaye wengi wetu humpita bila kumtazama. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Mgongo wake ni kijani kilichofifia, kifua chake ni manjano hafifu, na juu ya jicho ana mstari mweupe. Uzito wake ni gramu 10 hivi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba ndege wa jamii hii walio mashariki kabisa ya Siberia husafiri yapata kilometa 13,000 kufika kwetu mashariki na kusini mwa Afrika. Husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na nguvu ya sumaku ya dunia. Na kinda aliyezaliwa mwaka huo huo huja bila kuongozwa na baba wala mama. Wataalamu hutuambia kwamba njia hiyo ameirithi. Twakubali, ila twauliza, ni nani aliyemwandikia urithi huo?

Wako na wengine wapitao katika vichaka vya Kenya. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 watu hukamata ndege wasafiri katika usiku wa ukungu, huwavika pete ndogo mguuni, kisha huwaachia waende zao. Mmoja wa ndege hao, aitwaye Acrocephalus palustris, hana rangi ya kupendeza, lakini ana kipaji cha ajabu: huiga sauti za ndege wenziwe. Mwaka 1979 mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alieleza kwamba kila dume huiga, kwa wastani, aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika. Hivyo mtu aliyesimama kando ya mto huko Ubelgiji husikia sauti za ndege wa kwetu, zikitoka katika kinywa cha mgeni tuliyempokea. Tuliweke neno hili moyoni. Mgeni huondoka na yale aliyoyakuta kwa mwenyeji wake.

Basi twawaalika wasomaji wetu watenge siku moja ya kuwatazama. Haihitaji fedha, mwenye darubini na aichukue, asiye nayo macho yatamtosha. Aamke kabla ya jua, asimame chini ya mwembe, anyamaze. Akiona kijani kidogo kikipita jani kwa jani kutafuta wadudu, asisogee. Akiona ndege wa rangi ya vumbi akiruka kutoka kwenye tawi tupu, akinasa mdudu hewani na kurudi pale pale, na amtazame vizuri. Jioni atembee hadi uwanja wa Mnazi Mmoja aangalie mbayuwayu wakipita chini chini juu ya majani. Kazi ya siku hiyo ni kutazama bila kushika, na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtu aliyejizoeza kumwona kiumbe wa gramu 10, je, atashindwa kumwona jirani yake mwenye njaa?

Tumesema kwamba jambo hili lawahusu watu wa Ng'ambo, nasi twaeleza sababu. Mji huu ulikua ng'ambo ya mkono wa bahari ambao sasa umefukiwa, na jina la Darajani limebaki kutukumbusha daraja lililokuwapo. Wengi waliojenga hapa walikuwa wageni: watu wa bara, watumwa na walioachwa huru, Wangazija, na wengine walioletwa na pepo. Walipata kivuli, wakakaa. Tazameni majina ya mitaa yenu: Miembeni, Michenzani, Mikunguni, Mwembetanga, Kikwajuni. Ni majina ya miti! Leo katika mitaa mingi jina limebaki na mti umekwisha. Mgeni ashukaye usiku, amechoka, mafuta ya mwili wake yamekwisha, atatua wapi? Atatua juu ya bati?

Kadhalika vijana wetu humngoja kwa manati na ulimbo, si kwa njaa bali kwa mchezo. Na takataka tuzitupazo ovyo hunenepesha kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe mji, nao wakageuka kuwa adui wa ndege wadogo na makinda yao. Kunguru hana kosa. Sisi ndio tumwandaliao meza kila siku.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mila hiyo ya ukarimu ni yetu sote visiwani, Waislamu na Wakristo. Bwana wetu alifundisha kwamba hata shomoro, ambaye sokoni thamani yake ni ndogo mno, hasahauliki mbele ya Baba. Tarehe 4 Oktoba, wageni hawa wakiwa njiani, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wanaotunza mazingira. Heshima ipi ingempendeza kuliko mti?

Basi, wazazi, wanyang'anyeni watoto manati, muwape macho ya kutazama. Wenye viwanja, msikate mwembe wa mwisho wa mtaa kabla ya kupanda mwingine. Na kila mmoja wetu azoe taka za mlangoni pake. Wageni wetu hawatabisha hodi wala hawatatoa shukrani. Lakini Yeye aliyewatuma aona ni nani aliyewapokea.