Boneti Haina Kosa

Kazi ya fundi bodi huumbuka mwishoni. Milango imefungwa, fenda zimekaa, taa zimeingia, halafu boneti inagoma. Upande mmoja inabana, upande wa pili kidole kizima kinapita. Kila anayesimama kutazama anatoa hukumu ileile: hii boneti mbovu. Ukiipima, nzima kabisa. Imebeba tu makosa ya waliofungwa kabla yake.

Kosa likitokea mwanzo na likaonekana mwisho, nani awajibike? Na nani alipe?

Tuanze na kazi yenyewe. Gari la kuungwa kwa vipande, liwe la faiba linalouzwa Uingereza kama seti ya kujijengea nyumbani, au Noah iliyogongwa inayorudishiwa sura mtaani Mtwara, hufuata mpangilio mmoja. Fundi makini anaanza na kile kisichotakiwa kuhama. Anaipima chesisi kona kwa kona, kwa mshazari. Vipimo viwili visipolingana, hakuna kuendelea. Kisha mlango unakaa kwenye bawaba zake, fenda inaufuata mlango, na boneti inazifuata fenda zote mbili. Bolti zinakazwa kwa vidole tu. Spana inasubiri mpaka kila kipande kiwe kimeulizana na jirani yake.

Mwenye haraka haulizi. Anaukaza mlango wa kwanza mpaka mwisho, na kwa kuutazama wenyewe unapendeza. Umesogea milimita mbili tu, nani ataona? Fenda inazipokea hizo mbili na kuongeza yake moja. Taa inaongeza nyingine. Boneti inakuja mwisho na kukabidhiwa jumla. Kosa halikufa njiani, lilikuwa linahama.

Mtwara wanaijua hesabu hii bila kushika spana. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bolti ya kwanza ilikazwa London: karanga lazima zipatikane, tena upesi. Mapori yakaanza kufyekwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Kila kilichofuata kilipangwa kuifuata bolti ile, pamoja na reli ya Nachingwea na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Reli ikafungwa mwaka 1962. Bandari ikabaki, na kwa miaka mingi kusini kukaitwa nyuma, kama vile tatizo lilikuwa kusini. Boneti mbovu.

Kipande cha mwisho kikigoma, fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni puti. Unapaka, unapiga msasa, unapulizia rangi, na jioni gari linang'aa. Puti ina kazi yake halali, kujaza kikwaruzo au kibonyeo kidogo. Lakini ikipakwa nene ili kuziba uongo wa vipimo, barabara itaitikisa mpaka ipasuke, na atakayeiona imepasuka si aliyeipaka. Ni mnunuzi wa pili, au wa tatu.

Njia ya pili ni kulegeza. Unarudi nyuma mpaka kwenye ule mlango uliopendeza, unaulegeza, na kuuomba urudishe kidogo. Halafu fenda, halafu taa. Kosa ambalo haliwezi kuondoka lote linagawanywa, kila mmoja nusu milimita, na hakuna anayebebeshwa yote.

Hapo mlango una haki ya kulalamika: mimi nilikaa vizuri, kwa nini niguswe? Lalamiko hili tunalisikia kila siku. Kaka mkubwa aliyesomeshwa kwanza, ada ikaisha kabla ya kumfikia kitinda mimba, atasema yeye hakumnyima mtu. Ni kweli. Hakukusudia, na wala hakukosa adabu. Lakini kukaa kwake vizuri kulipimwa kwa kumtazama yeye peke yake. Kumtaka alegeze si kumwadhibu. Adhabu humfuata mwenye hatia. Ugawanaji humfuata mwenye uwezo wa kusogea. Tukisubiri mpaka mwenye hatia apatikane, kitinda mimba atazeeka.

Hata hivyo kugawana nako kuna mpaka wake. Chesisi ikiwa imepinda, fundi mjanja anaweza kuzisawazisha nafasi zote mpaka jicho liridhike, na gari likauzwa kwa familia ya watu sita. Usawa wa juu namna hiyo ni hatari kuliko boneti iliyogoma, kwa sababu boneti ilikuwa inatoa taarifa. Kwa hiyo kabla ya kugawana kosa lazima tuulize ni kosa la aina gani. Milimita hugawanywa. Mfupa uliopinda hunyooshwa, au gari halitoki.

Neno moja la mwisho kuhusu hizo nafasi zenyewe. Methali inatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumezoea kudhani kila uwazi ni ufa. Fundi hazibi nafasi kati ya mlango na fenda. Akiziba, bati litasuguana na mlango hautafunguka. Fundi wa mashua naye hujua kwamba mbao zitavimba zikiingia majini, ndiyo maana kwenye maungio hutia kalafati, pamba inayokubali kubanwa. Na waswahili ni watu walewale wanaousifia mwanya kwenye meno.

Nafasi inayotakiwa ni ndogo, na ni ileile kwa kila kipande. Kwa hiyo ukimkuta mtu aliyegoma mwisho wa mstari, darasani, kazini au nyumbani, usikimbilie puti wala usimwite mbovu. Rudi nyuma, bolti kwa bolti, uone ni nani alikazwa mapema. Huenda ni wewe.