Shikamoo Isiyopokelewa

Ingia saluni yoyote ya Arusha Jumamosi mchana, Ngarenaro au Njiro, umwamkie dada aliyelaza kichwa nyuma, usoni amepakwa parachichi na asali. Wapo wanaoitikia "marahaba" bila neno. Mwingine atafumbua jicho moja: "We! Usinizeeshe!" Saluni nzima itacheka, nawe utatafuta pa kukaa.

Huu ni mji wa ajabu kwa mtu kuogopa umri. Kwa Waarusha na Wamaasai wanaouzunguka, miaka ndiyo inayompandisha mtu: layoni, mvulana asiyetahiriwa bado, ana hamu ya kuwa morani, na morani anajua siku moja atakuwa mzee mwenye sauti kikaoni. Wakati huohuo, madukani, makopo yamepangwa hadi darini, kila moja likiahidi kukupunguzia miaka. Ni rahisi kusema kule kuna hekima na huku kuna ubatili. Mimi siafiki. Makunyanzi ya mzee wa boma yanampa kiti. Ya dada wa mapokezi hotelini yanaweza kumtoa kwenye kiti chake. Anayejipaka parachichi hapambani na uzee, anapambana na bei ambayo wengine wameupangia uzee wake.

Tatizo ni kwamba anapigana na adui asiyemwona. Kinachozeesha ngozi kuliko miaka yenyewe ni jua, na jua la Arusha lina hila. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, karibu na ikweta, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Lakini Julai Mlima Meru umejifunika ukungu, watu wako ndani ya makoti, ngozi zimepauka, kila mtu anatafuta mafuta ya mgando. Nani atakumbuka jua? Mawingu mepesi hayaizuii miale hiyo, wala kioo cha dirisha hakiizuii yote. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani aliyefanya kazi hiyo miaka 28: shavu la upande wa dirisha limekunjamana na kuning'inia, lile jingine kama la mdogo wake. Madereva wetu wa utalii, wanaoshinda njiani kwenda Ngorongoro, dirisha lao liko kulia.

Ndiyo maana mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua ngozi, unanisikitisha zaidi ya vyote. Zebaki, haidrokwinoni na dawa kali za steroidi, ambazo serikali imezipiga marufuku kwenye vipodozi, hufifisha rangi, na steroidi huikondesha ngozi. Rangi yenyewe ndiyo mwavuli tuliozaliwa nao. Mtu anautupa ili aonekane kijana, kisha anatoka barabarani saa sita mchana. Hata siri haitunzwi: uso unang'aa, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi.

Mwendo mfupi kutoka hapa, Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ndiko ilikozaliwa Kilisun, losheni ya kukinga jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa macho ni losheni kama nyingine. Anayeipaka, hata hivyo, haombi miaka ipungue. Anaomba ifike mingi, na kunyanzi kwake lingekuwa habari njema. Saluni hushughulika na uso, kwa kuwa uso ndio unaotazamwa. Losheni hii inapakwa pia nyuma ya shingo na kwenye ncha za masikio, sehemu ambazo hakuna anayezisifia, na ambako saratani ya ngozi huanzia kwa wengi wenye ualbino.