Rubani Asiye na Kiti cha Kurukia

Somo la Jumapili lilitoka Yohana 10, kuhusu mchungaji na mtu wa mshahara. Wengi mliniuliza baadaye kwa nini nilizungumza sana juu ya ndege. Hapa nitaeleza kwa utaratibu zaidi, maana kanisani muda ulitubana.

Ndege ya kivita ina kitu ambacho ndege ya abiria haina. Kiti cha rubani kimefungwa roketi. Mambo yakiharibika anavuta mpini, kile kioo cha juu kinang'oka, kiti kinamrusha nje, halafu parachuti inafunguka. Anaweza kuumia uti wa mgongo, lakini ataenda nyumbani kwa watoto wake. Sasa wewe panda ndege ya abiria pale Eldoret uende Nairobi, safari isiyofika hata saa moja. Kapteni wako hana kiti cha namna hiyo. Hana hata parachuti. Ndege ikienda chini anaenda nayo, tena yeye ndiye ameketi puani. Ndiyo maana mimi husema hao watu wawili, ingawa wote tunawaita marubani, wamekula viapo tofauti.

Kuna mtu aliyekalia viti vyote viwili. Chesley Sullenberger, Mmarekani wa Texas, alianza kujifunza kurusha ndege akiwa na miaka 16. Alimaliza chuo cha jeshi la anga mwaka 1973, akarusha ndege za kivita aina ya F-4 Phantom, kisha mwaka 1980 akatoka jeshini na kuingia shirika la ndege za abiria. Karibu miaka 30 hakuna aliyemjua. Alifanya kazi yake, akalipwa, akarudi nyumbani. Hapo ndipo watu wengi wazuri huishi, na sioni ubaya.

Lakini kuna jambo alilolibeba kutoka jeshini. Alikuwa amechunguza ajali za wanajeshi wenzake na kujiuliza mbona wengine walichelewa kuvuta mpini, ndege imeshakufa na bado mtu ameshikilia usukani. Jibu mojawapo linasikitisha: waliogopa lawama za kupoteza ndege ya mamilioni ya dola. Mtu akafa akijaribu kuokoa chuma.

Tarehe 15 Januari 2009 aliondoka New York na Airbus yenye watu 155. Wakiwa futi kama 2,800 tu juu, kundi la bata bukini likagonga ndege, injini zote mbili zikakosa nguvu. Mnara ukampa njia: rudi ulikotoka, au nenda uwanja ule mwingine wa jirani. Yeye na msaidizi wake, Jeff Skiles, walikuwa na kama dakika tatu na nusu kwa jumla. Akaamua kuishusha mtoni, Mto Hudson, katikati ya baridi ya Januari. Hakuna aliyekufa. Maji yalipokuwa yakiingia, alipita ndani ya ndege mara mbili kuhakikisha hakuna aliyebaki, ndipo akatoka, wa mwisho.

Baadaye uchunguzi ulifanyika, kama inavyopasa. Marubani walijaribu tukio lile kwenye mashine za mazoezi. Wale waliogeuza ndege papo hapo, wengine walifika uwanjani. Lakini walipowekewa sekunde 35 za mtu kutambua kilichompata na kufikiri, jaribio la kurudi likaishia kwa kuanguka. Mimi nilisomea biashara, najua swali la mhasibu lazima liulizwe: je, mali ingeokolewa? Ni swali halali. Ila lisiulizwe la kwanza.

Oneni basi. Yule yule aliyejifunza jeshini kwamba kuna wakati wa kuacha ndege, alipopewa watu aliiacha ndege na hakuwaacha watu. Kuacha si dhambi yenyewe. Yote hutegemea unaacha nini.

Nasi hapa Kenya tunao mfano, ingawa hausimuliwi sana madhabahuni. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wakati wa jaribio la mapinduzi, kule Nanyuki koplo mmoja mwenye silaha aliwalazimisha marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Mugwanja na Kapteni John Baraza, warushe ndege za kivita wakapige mabomu Ikulu na makao makuu ya GSU, Nairobi. Koplo akapanda nao. Lakini hakuwa amezoea ndege za kasi ile, na marubani walijua. Wakazizungusha na kuzipindua hewani mpaka akashindwa kujimudu. Yale mabomu wakayaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi Nanyuki. Watu wa umri wangu tulikuwa hatujazaliwa. Lakini fikiria Nairobi asubuhi hiyo, watu ambao hawakujua kabisa kwamba kuna mtu hewani anaamua juu yao. Marubani hao waliacha mzigo ambao haukustahili kufika.

Sasa nije nyumbani. Hapa Mautuma, na Lugari nzima, tunaishi kwa mahindi na kwa vikundi. Swali ambalo limeletwa kwangu zaidi ya mara moja ni hili: mwenyekiti akiona mkopo wa mbolea umelemea kikundi, mvua imekataa, bei imeanguka, je, ni dhambi ajiuzulu? Wapo wanaosema cheo si ndoa. Wengine husema huyo ni mwoga.

Mimi nauliza, ndege iko wapi? Kama vitabu vimefunguliwa, deni limejulikana, wanachama wamekaa chini wakakubaliana nani atalipa nini, basi ndege imetua. Ashuke kwa amani, hata apigiwe makofi. Lakini akiandika barua usiku, azime simu, aende kwa shemeji yake Nairobi huku akina mama waliomwekea sahihi wakisubiri mbuzi wao wachukuliwe, huyo amevuta mpini na abiria wako ndani. Kumwita mwoga hakutoshi. Alikubali kiti kisicho na roketi, akajifungia roketi kisiri.

Na kuna mwenyekiti wa pili, ambaye sisi humsifu bila kufikiri. Huyu hataki kuuza ile posho mill ya kikundi kwa sababu ni yeye aliyehangaika ikanunuliwa. Jina lake liko ukutani. Kila mwezi deni linapanda, watoto wa wanachama wanarudishwa nyumbani kwa karo, naye anasema tuombe tu. Anashikilia chuma kilichokufa. Haitwi mkimbizi, lakini watu wake wanaumia vile vile.

Mtu atasema, mchungaji, kwani hata sheria haituruhusu kuwa na kiti cha kurukia? Inaruhusu. Kampuni ya limited ni hicho hasa: biashara ikifa, kwa kawaida hawachukui nyumba yako. Ni mpango mzuri, bila huo wachache wangethubutu kuanzisha kitu. Lakini aliyekukopesha anajua tangu mwanzo kwamba uko nao, umeandikwa kwenye jina lenyewe. Udanganyifu ni kuwaambia watu tuko pamoja, kumbe wewe peke yako umejiwekea njia.

Hata sisi watumishi tujipime. Shahada niliyo nayo inaweza kunipatia kazi mjini. Washirika wanajua, na wana haki ya kuniuliza nitafanya nini sadaka zikipungua.

Nisiwadanganye, anayebaki haokoi wote kila mara. Tammie Jo Shults, mama aliyerusha ndege za kivita za jeshi la wanamaji la Marekani kisha akawa kapteni wa abiria, na ni Mkristo wa dhati, alipasukiwa na injini hewani tarehe 17 Aprili 2018. Vipande vilivunja dirisha. Aliishusha ndege Philadelphia, watu 148 kati ya 149 wakaishi. Mama mmoja alifariki. Baada ya kutua, kapteni alitoka kwenye chumba chake akapita kati ya viti akizungumza na abiria. Kubaki hakukumpa ushindi kamili. Kulimpa haki ya kuwatazama machoni.

Someni nyumbani Matendo 27. Usiku wa 14 wa dhoruba, mabaharia walijifanya wanashusha nanga upande wa mbele, kumbe wanateremsha mashua watoroke. Ndio waliojua kazi. Abiria wangebaki na nani? Paulo akamwonya akida kwamba hao wakiondoka hakuna atakayepona. Askari hawakubishana, walikata kamba na mashua ikachukuliwa na maji. Kulipokaribia kucha Paulo akawasihi wote wale chakula. Wakala, wakashiba, ndipo wakatupa ngano baharini. Merikebu nayo ilivunjika. Watu 276 wakafika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.