Mrithi Asiye wa Damu

Tukisikia biashara ya ukoo, fikra hukimbilia damu: mama kaanzisha, mwana kashika. Nadhani damu haitoshi kueleza urithi, na ushahidi wangu ni mfanyabiashara wa Marekani, Madam C. J. Walker. Alizaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Akawa yatima akiwa na miaka 7, akafua nguo za watu St. Louis, nywele zikamnyonyoka. Aliuza dawa za nywele za Annie Malone kabla ya kutengeneza zake, na mwaka 1910 akahamia Indianapolis, akajenga kiwanda. Alikuwa na mtoto mmoja tu, A'Lelia, naye hakujaliwa kuzaa. Kwa hesabu ya damu ukoo ulikoma hapo. Lakini mwaka 1912 A'Lelia alimwasili binti aitwaye Mae Bryant. Mae ndiye aliyeongoza kampuni baada ya A'Lelia kufariki mwaka 1931, na mwandishi A'Lelia Bundles, aliyeandika maisha ya Walker, ni mjukuu wa Mae.

Pingamizi zito lipo. Mae alikuwa na nywele ndefu, nene, zilizofaa kuonyeshwa wateja. Je, hakuchukuliwa awe tangazo? Faida ilikuwepo, sitaificha. Ila mwanafalsafa Kant hakukataza kunufaika na mtu, alikataza kumfanya chombo na si zaidi. Mama mzazi wa Mae alikubali aasiliwe kwa sharti kwamba binti asomeshwe na asitengwe na ndugu zake, na mwaka 1920 Mae alihitimu katika chuo cha Spelman. Msomaji Muislamu naye atanikumbusha kuwa Sura ya Al-Ahzab inaagiza mtoto wa kulea aitwe kwa baba yake mzazi, na kwamba mafungu ya mirathi si yake. Naliheshimu agizo hilo, kwa kuwa linamlinda mtoto asipokonywe asili yake, jambo lilelile alilolidai mama wa Mae. Tena sheria hiyohiyo ya Kiislamu imeacha nafasi ya wasia, hadi theluthi ya mali, kwa asiye mrithi. Basi hata penye ulinzi mkali wa nasaba, hisani imepewa njia yake.

Na ujuzi hauna mafungu. Walker aliwafundisha maelfu ya wanawake Weusi kutunza nywele na kujitegemea, na walipokutana Philadelphia mwaka 1917 aliwatunuku waliouza sana pamoja na waliotoa sadaka nyingi. Hao nao walimrithi, bila hata mmoja wao kuitwa mwanawe.